Bakuli la Posa

Kaka yangu Harkajit hanywi. Ukisema hivyo mjini watu watakupa hongera. Kwetu huku milimani, juu ya Mto Tamor, mtu akisikia fulani hanywi, anauliza kwanza amegombana na nani. Bakuli la raksi ndilo salamu, ndilo pole, ndilo samahani. Mtoto amezaliwa, raksi. Mzee amezikwa, raksi. Umekorofishana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba la iliki, unamwendea asubuhi na chupa kwapani, mnakunywa, yamekwisha. Na mimi Sukmati ndiye ninayeipika. Nina miaka hamsini na mbili, na tangu nifiwe na mume wangu nimejilisha kwa gongo hili la ulezi, kwa hiyo usidhani nimekuja kukuhubiria. Nataka kumweleza kaka yangu tu, maana watu wamemsema sana na wengi wao hawajui wanachosema.

Tulizaliwa wanne, wavulana watatu na mimi kitinda mimba. Baba alikufa kwa kunywa. Kaka mkubwa tukamkuta asubuhi moja amelala kifudifudi kwenye mfereji wa shamba, maji yenyewe hayafiki hata kifundo cha mguu. Wa pili alitapika damu siku mbili, ya tatu akanyamaza. Tukasema tumerogwa. Tukamwita mganga, akachinja kuku, akapunga, na alipomaliza akauliza raksi iko wapi. Nilimpa. Ningefanyaje, ndiyo desturi.

Akabaki Harkajit. Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipokosea miaka mingi. Mimi jioni nakunywa bakuli moja, nikijisikia naongeza la pili, kisha naosha chombo nalala. Sifikirii tena. Yeye hakuwahi kuona chombo kinakwisha bila kuinuka kutafuta kingine. Tumenyonya ziwa moja, tumekula uji wa sufuria moja. Nikajiambia basi huyu ni mlegevu. Nilimwita hivyo mbele ya binti yake, tena si mara moja. Alikuwa akiniangalia tu kwa yale macho yake ya upole, akisema, "Ni kweli, Suku. Una haki." Afadhali angenitukana.

Siku moja alianguka kwenye matuta akiwa na mtoto mgongoni. Phungma alikuwa na miaka mitano, mkono ukavunjika mahali pawili. Mkewe Harkajit alifunga nguo zake akarudi kwao, na mtoto akamwacha kwangu, kwa kuwa huko kwao nako baba yake mzazi ni mlevi wa kutupwa. Nikamlea mimi. Mkono ulipona, umepinda kidogo, ukimtazama akiandika ubaoni utauona. Siku hizi ni mwalimu wa chekechea.

Miaka mitatu iliyopita Harkajit naye akatapika damu. Wanaume sita walimbeba kwenye kikapu hadi barabarani, gari likampeleka hospitali ya bondeni, nami nikaenda naye. Nilikwenda kumzika, nisikufiche. Nilibeba hata kitambaa cheupe. Lakini hakufa. Akakaa wodini wiki tano, anatetemeka, anaongea na marehemu kaka zetu kana kwamba wamekaa kitandani. Kisha akatulia. Ndipo akaja daktari mwanamke, Prativa, mwembamba, mpole, mwenye daftari. Alikuwa anachunguza familia zenye walevi wengi. Akatuomba mate, mimi na kaka, tuteme kwenye vichupa.

"Mate ya nini?" nikamwuliza.

"Ndani yake kuna vinasaba, mama. Vinatuonyesha mtu alirithi nini."

"Alirithi shamba la iliki na ubishi. Andika."

Akacheka, lakini hakuondoka. Baada ya miezi akatuita. Akatueleza polepole, na nilielewa zaidi kuliko alivyodhani. Alisema ubongoni mwa kila mtu kuna kemikali inayoleta utulivu. Umekula umeshiba, umecheka na mwenzako, inatoka, inapokelewa, roho inakaa sawa. Sasa wapo watu ambao kwa kuzaliwa wana vipokezi vichache. Kemikali inatoka, haipati pa kutua. Mtu wa namna hiyo hatosheki kirahisi na kitu chochote. Harkajit ni mmoja wao. Mimi siye.

"Kwa hiyo hili ndilo lililowaua ndugu zangu," nikasema.

"Huenda," akasema Prativa. "Bado tunachunguza. Wapo wenye vinasaba hivyo na hawajawahi kulewa, na wapo walevi wasio navyo. Ni jambo moja kati ya mengi."

Huenda. Mtu amesoma miaka yote hiyo anakuja kuniambia huenda. Lakini Harkajit hakusikia hiyo huenda. Aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, mtu mzima, na mimi nikaelewa kwamba alikuwa amejichukia maisha yake yote, na kwamba mimi nilikuwa nimemsaidia kujichukia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimshika goti. Sikuweza kusema samahani kwa sababu kwetu samahani inasemwa na bakuli mkononi, na sikujua njia nyingine.

Kisha akafuta uso akauliza lile lililomtoka moyoni. "Na mtoto wangu?"

"Anaweza kuwa navyo, anaweza asiwe navyo. Ameshawahi kunywa?"

"Hajawahi hata kuonja."

"Basi asianze. Na wewe, Harkajit, ini lako halina nafasi tena. Usiseme tone moja. Hilo tone moja ndilo litakalokuua."

Tukarudi nyumbani. Na hapo ndipo maisha yake yakawa kifungo. Mtu asiyekunywa kwetu aende wapi? Hakwenda harusini, kwani mlangoni tu unapokewa na bakuli. Msibani hakwenda, siku ya soko hakwenda. Mjomba wetu alipokufa, Harkajit alisimama ng'ambo ya bonde akatazama jeneza likipita, watu wakasema anajivuna. Alijenga kibanda shambani mwa iliki, karibu na tanuri la kukaushia, akawa analala huko. Ninapopika mimi, na upepo ukivuma kuelekea kwake, alikuwa akichukua panga anapanda mlimani hadi harufu iishe. Nikahamisha jiko langu la kupikia chini kabisa, mtoni, nikawa nabeba kuni mwendo wa nusu saa. Kuacha kupika sikuweza, sina kazi nyingine. Kila nikibadilisha maji ya kupozea mvuke juu ya chungu nilikuwa namfikiria, na bado nabadilisha.

Phungma alimpelekea chakula kila siku baada ya shule. Walikuwa wanakaa pale kwenye tanuri wanacheka, wala sijui walikuwa wanacheka nini, hakuna wa kuwachekesha kule ila moshi. Huyo binti ndiye aliyemfanya aamke asubuhi. Aliniapia hivyo mwenyewe.

Basi mwaka huu, baada ya mavuno ya ulezi, Phungma akaniambia kuna kijana. Sirihang, wa ukoo wa Nembang, kijiji cha pili, fundi wa mabomba ya maji. Kijana mzuri, hana makuu. Nikafurahi, kisha nikakumbuka bakuli. Kwetu upande huu wa mto, posa ni hivi: ukoo wa mwanamume unakuja na mtungi wa raksi, na baba wa binti anakunywa bakuli la kwanza. Akimeza, amekubali. Asipomeza, amekataa, na ukoo ule haurudi tena kwenye mlango huo. Baba akiwa amekufa, ananywa kaka yake. Kaka zake Harkajit unajua waliko. Mimi siwezi, nimekwisha kuolewa nje, ukoo wangu ni wa marehemu mume wangu.

Nikamwendea mzee Dambarjang, baba mkubwa wa Sirihang, ambaye ndiye angeongoza posa. Mtu mnene, mcheshi, hana roho mbaya, ila desturi anaishika kwa meno.

"Hawezi kugusisha mdomo tu?" nikamwuliza.

"Kugusisha mdomo anafanya mtoto mchanga. Baba anameza, tunaona koo linashuka."

"Ni mgonjwa."

"Wa nini?"

"Wa ubongo. Vipokezi vyake vichache."

"Vipo nini?" Akacheka mpaka akakohoa. "Sukmati, umeniuzia raksi miaka yote hii, leo ndio umegundua ina madhara?"

 Akanishika bega, akasema kwa wema, "Kama ameokoka aseme. Watu wa kanisa tunawapa chai na shughuli inaendelea. Hilo tulishakubaliana nao. Lakini mtu anayemtambikia mungu wetu Yuma kama sisi, anikatalie bakuli? Nitawaambia nini wenzangu?"

Nikapanda hadi kibandani. Nikamwambia Harkajit, "Sema umeokoka. Siku moja tu."

"Nimdanganye Mungu wa watu ambaye hata hajanikosea?"

"Kaka, huu si wakati wa kuchagua."

"Suku, nikisema nimeokoka, kesho mchungaji atakuja na gitaa. Nitamwambia nini?" Kisha akaacha mzaha. Akageuza kuni kwenye tanuri muda mrefu. "Nitakunywa," akasema. "Bakuli moja. Aolewe mtoto wangu."

"Na baada ya bakuli moja?"

 Wote wawili tulijua.

Ndipo nikabuni ujanja wangu. Raksi nzuri ni nyeupe kama maji, na anayemmiminia baba siku ya posa ni dada yake, yaani mimi. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikayatia kwenye kibuyu kidogo. Wageni wangemiminiwa kutoka mtungi wao, yeye kutoka kibuyu changu, chini ya shali. Nikamwambia Harkajit jambo moja tu: "Ukiwakumbuka marehemu, nyunyiza chini, kwenye udongo. Usinyunyize motoni." Maana raksi ikidondoka motoni inawaka. Maji hayawaki. Mimi ninapima kazi yangu hivyo kila siku ya maisha yangu, kwa hiyo usiseme sikujua.

Walikuja saa nne asubuhi, watu saba, wamevaa kofia zao. Kulikuwa na baridi, na mimi kwa kutaka wageni wasione vibaya nikajaza jiko kuni za msonobari. Harkajit alikuwa amenyoa, amevaa koti la marehemu baba. Phungma alisimama nyuma yangu. Sirihang alikaa karibu na mlango, anatazama viatu vyake.

"Mkwe," akasema Dambarjang, "tumetembea tangu alfajiri na magoti yangu yanalia. Usiturudishe na mtungi umejaa, nani ataubeba?"

Watu wakacheka. Nikamimina. Kibuyu kilikuwa chini ya shali, hakuna aliyekiona. Harkajit akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akachovya kidole. Nami nikaona midomo yake inataja majina, Yuma, baba, kaka mkubwa, kaka wa pili, na nikajua amesahau, kwa sababu mtu anapowataja ndugu zake waliokufa hafikirii ujanja wa dada yake. Akanyunyiza motoni, mara tatu.

Moto ukafanya tsss. Majivu yakaruka kidogo, basi.

 Dambarjang akainuka, akachukua bakuli mkononi mwa kaka yangu, akamimina robo yake juu ya gogo. Gogo likazimika.

"Maji," akasema. Hakupaza sauti. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Tumekuja kuomba binti, mnatufanyia mchezo na maji."

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hana kosa."

"Sikuulizi ni nani." Akageukia wenzake. "Fungeni mtungi."

Kijana mmoja akaanza kuufunga kitambaa. Ukishafungwa ukatoka mlangoni, imekwisha, hakuna wa kuomba radhi. Sirihang alikuwa amesimama, mweupe usoni, anasema, "Baba mkubwa, tafadhali," na hakuna aliyemsikiliza.

Harkajit akanyoosha mkono. "Acheni. Suku, nimiminie ile yenyewe."

Niliona vidole vyake. Havikutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha. Miaka mitatu na miezi minne, na mkono umetulia tuli, unangoja. Nilikuwa nimeshika mtungi na sikuweza kuuinamisha. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Mbele yangu kuna binti anayekosa mume, na mbele yangu kuna kaka anayekufa, na watu saba wanangoja nichague.

"Babu," akasema Phungma nyuma yangu. Alikuwa anamwambia Dambarjang. "Mimi bado ni wa jiko hili, au siye?"

"Hadi utakapotoka, ni wa jiko hili."

"Damu ya baba ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi nikimeza mimi, nyumba imemeza."

Mzee akatafakari. Wengine wakaguna, mmoja akasema haijawahi kutokea, mwingine akasema kwa bibi yake iliwahi kutokea. Dambarjang naye, naamini, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, maana alimpenda Sirihang. "Haikukatazwa," akasema.

"Hapana," akasema Harkajit. "Phungma, hapana. Lete hapa."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumimina. Yuma anisamehe, nilifurahi. Nilijaza bakuli mpaka ukingoni nikampa mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, na moyoni nasema tumepona, tumepona wote. Kaka yangu alinyanyuka kulichukua, Phungma akamgeuzia mgongo akanywa. Yote. Koo likashuka, watu wakaona, wakapiga makofi. Sirihang akakaa chini tena.

Mtu anayeonja raksi mara ya kwanza anakunja uso, anakohoa, machozi yanamtoka, watu wanamcheka. Nimewaona wengi, ndiyo kazi yangu. Phungma hakukunja uso. Alisimama na bakuli tupu, anatazama ndani yake. Wengine walikuwa wanakumbatiana. Harkajit peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama binti yake, na mimi nilikuwa namtazama Harkajit.

Wageni walipoondoka, tulikaa watatu jikoni. Jua lilikuwa bado liko juu. Harkajit akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulisikia nini, mwanangu?"

"Nilidhani itaniunguza."

"Baada ya hapo."

Phungma akafikiri. Ni mwalimu, anapenda kusema kitu sawasawa. "Kulinyamaza, baba. Humu kichwani. Sikujua kumbe siku zote kulikuwa na kelele." Akatabasamu, kwa haya kidogo, akamshika baba yake kwa mkono ule uliopinda. "Usinitazame hivyo. Bakuli moja tu."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne," akasema Harkajit. "Tulikuwa harusini. Nilimwambia mama maneno hayo hayo."

Phungma akaacha kutabasamu. Nikasema huenda si hivyo, daktari mwenyewe alisema huenda, wapo walio navyo na hawanywi, na tena hatujui kama anavyo. Niliongea sana. 

Ataolewa mwezi ujao. Huko kwa akina Nembang, kazi ya bibi arusi kila asubuhi ni kuonja pombe ya mavyaa kabla haijapelekwa kwa wazee, na akikataa wataulizana amekosana na nani. Phungma anasema atajitahidi. Sirihang naye anasema atamwonjea yeye kwa siri, na nimeshajua siri zetu zinafika wapi.

Jana nilimpelekea Harkajit chakula kibandani, kwa kuwa Phungma ana shughuli za nguo. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Ningekunywa mimi," akasema.

"Ungekufa, kaka."

"Ndiyo," akasema. "Mimi."

Nikaokota sahani. Bakuli, Phungma nilimpa mimi.